Bunduki ya Misumari Iliyokosa Nguvu Kila Asubuhi

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu wa kipupwe bado umelala juu ya tambarare za Hanang, na mlima wenyewe hauonekani. Juu ya paa la ghala jipya la mbegu, Nikolausi Sulle anapiga goti, anaikandamiza bunduki ya misumari kwenye kipande cha lami cha kuezekea, kisha anaifyatua.

Sauti inayotoka si ya bunduki. Ni kama kikohozi cha mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Msumari unaingia nusu na kubaki umesimama, kichwa chake kimeinuka juu ya lami kwa kimo cha punje ya ngano.

Nikolausi anachomoa nyundo kiunoni, anaupiga msumari ule mara mbili, unalala. Anasogea shibiri moja kwa magoti, anakandamiza tena. Mashine inakohoa tena. Nyundo inatoka tena.

"Mashine inaanza, mimi namalizia," anasema bila kugeuka. "Tangu nipande hapa nimepiga misumari sitini na minne. Hamsini na mmoja imehitaji nyundo."

Mtu atauliza: kwa nini basi asitumie nyundo tangu mwanzo? Nikolausi aliliuliza swali hilo kwa maandishi mwanzoni mwa Juni mwaka huu wa 1987. Alijibiwa kwamba ghala hili limeandikwa katika taarifa za mradi kuwa linaezekwa kwa mashine, na kwa hiyo litaezekwa kwa mashine.

Shamba hili ni mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali wilayani Hanang. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu shauri linalosimuliwa halijafika mwisho wake.

Ndani ya koti la Nikolausi mna barua mbili zilizokunjwa mara nne. Ya kwanza, ya tarehe 12 Juni, inamwonya kwa sababu misumari yake inasimama. Ya pili, ya tarehe 29 mwezi huo huo, inamwonya kwa sababu misumari yake imezama mno, ikaipasua lami na kuiharibu. Mtu ni huyo huyo, mashine ni hiyo hiyo, paa ni hilo hilo. Asubuhi analaumiwa kwa udhaifu na mchana analaumiwa kwa nguvu.

Kwa kanuni za shamba, barua ya tatu ni ya kuondoka. Ataondoka kazini, ataondoka katika nyumba ya shamba anayokaa na mkewe, na ataondoka bila cheti cha utumishi mwema baada ya miaka kumi na saba.

Siku hiyo ni Alhamisi. Kabla ukungu haujainuka, pikipiki inasimama chini ya ngazi na msimamizi wa majengo, Bwana Pascal, anashuka.

Nikolausi ana miaka hamsini na miwili. Pascal ana thelathini na mmoja. Katika nyumba za Wambulu, na vilevile katika maboma ya Wabarbaig, mtu wa umri wa Pascal humpa shikamoo mtu wa umri wa Nikolausi kabla ya kufungua kinywa kwa neno jingine lolote. Nikolausi anasimama juu ya paa, nyundo mkononi, akiingojea. Haiji.

"Fundi, bado unakohoa huko juu?"

"Inakohoa mashine, Bwana Pascal. Mimi mzima."

"Mashine haina kifua. Mbona ikifika saa sita inapiga kama radi? Au ni wewe unayeamka saa sita? Watu wanasema pombe ya kwenu Tlawi haimtoki mtu mwilini kabla ya adhuhuri."

Vibarua wanaochanganya saruji chini wanacheka. Mmoja anaiga mlevi, anayumba na toroli lake.

"Pombe niliiacha mwaka niliofunga ndoa," anajibu Nikolausi. "Wewe ulikuwa hujaanza shule."

Kicheko kinahamia upande wa pili. Pascal hakipendi.

"Jumamosi nitapanda mwenyewe, asubuhi na mchana," anasema. "Nikikuta msumari mmoja umesimama, au mmoja umetoboa, barua yako ya tatu imeshapigwa chapa. Bado tarehe tu."

Nikolausi alizaliwa Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, wakati ambapo mwalimu aliweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kucha chafu. Bruda mmoja seremala alimfundisha kazi ya mbao. Ni huyo Bruda aliyemkabidhi pia pampu ya baiskeli ya misheni, aifungue, aisafishe na kuirudisha bila kubakiza kipande mezani.

"Alikuwa mkali," anakumbuka. "Ukikosea anakuuliza umekosea wapi. Ukisema hujui, huli mpaka ujue."

Mwaka 1970 alishuka Hanang kutafuta kazi, wakati matrekta yakipasua malisho ambayo Wabarbaig walikuwa wakilisha ng'ombe zao tangu enzi za mababu. Hajifanyi kuwa hakuona. Alipigilia mapaa ya nyumba za wafanyakazi huku akitazama maboma ya watu yakihama. Alipata mshahara, wenzake walipoteza njia za kwenda majini. "Nimeishi na jambo hilo," anasema.

Leo anapokea shilingi elfu moja na mia tisa kwa mwezi. Mkewe Philomena anashona nguo kwa cherehani, kwani mshahara huo hauvuki tarehe kumi na tano.

Bunduki ya misumari ililetwa mwaka 1983 na wataalamu wa kigeni, pamoja na mashine ya kusukuma upepo na shehena ya vipande vya lami vya kuezekea, mfano wa mapaa ya kwao. Walimfundisha Nikolausi wiki mbili, wakampa kitabu cha Kiingereza chenye picha, wakaenda zao.

"Nilikisoma kwa kamusi mwaka mzima," anasema. "Kuna ukurasa mmoja tu unaonihusu siku hizi. Ule unaosema: mashine ikikosa nguvu, tazama hiki, kisha hiki, kisha hiki."

Pascal alipoondoka Alhamisi ile, Nikolausi alishuka na kuufuata ukurasa huo kama mtu anayeifuata Njia ya Msalaba, kituo kwa kituo, bila kuruka hata kimoja.

Kwanza alikwenda kwenye kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo. Sindano ya geji inayopima upepo ilisimama kwenye mia moja na ishirini, juu kuliko tisini iliyoandikwa kitabuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipandisha mwezi Juni, alipoona misumari ya asubuhi haizami.

Pili, alifungua koki chini ya tangi. Maji yalitoka, kadiri ya kikombe kimoja, yenye rangi ya kutu. Upepo wenye maji hauna nguvu. Akayamwaga yote.

Tatu, alifungua chujio. Lilikuwa limejaa vumbi la makapi ya ngano kama pua ya mvunaji. Akalipuliza, akaligonga, akalirudisha.

Nne, aliupaka mpira wa upepo povu la sabuni kutoka mwanzo hadi mwisho, mita thelathini, akitembea kwa magoti. Karibu na kiungio cha mwisho povu lilichemka. Akakata kipande kilichopasuka, akaunga upya.

Tano, alidondosha matone ya mafuta penye mdomo wa upepo wa bunduki, akafyatua hewani mara kadhaa.

Yote hayo yalikuwa makosa ya kweli, na yote aliyatengeneza. Akapanda tena juu. Saa tatu na nusu ilikuwa imefika, na upepo wa baridi ulikuwa bado unavuma kutoka mlimani. Alikandamiza, akafyatua. Msumari ulisimama, chini kidogo kuliko wa alfajiri, lakini ulisimama.

Saa sita, jua lilipokuwa limeichoma lami mpaka ikanuka, bunduki ile ile, mkono ule ule, ilipiga kwa kishindo. Msumari ulizama, ukapita, ukaacha tundu lenye kingo zilizopasuka. Akarudi kwenye geji, akaishusha hadi tisini. Sasa misumari ililala sawasawa. Lakini alijua kwamba kesho yake alfajiri, kwa tisini, haingeingia hata nusu.

Benedikta, mtunza stoo wa shamba, alimletea chai kwenye mfuniko wa chupa. Anamwita Baba Natalia, kwa jina la binti yake wa kwanza.

"Baba Natalia, bunduki yako imesoma. Inaingia kazini saa sita kama wakubwa."

"Basi itapandishwa cheo," alijibu fundi. Ilikuwa mara ya pekee kutabasamu siku ile.

Kilichobaki katika ukurasa ule kilikuwa kituo cha sita, nacho ndicho alichokuwa akikiogopa: pete inayozunguka pistoni ndani ya bunduki. Pete hiyo huzuia upepo usivuje pembeni, ili nguvu yote iende kwenye msumari.

Hapa lazima tueleze jambo ambalo wakati ule watu wawili tu pale shambani walilijua, Nikolausi na mtunza stoo.

Pete ya asili ilikuwa ya mpira. Ilipasuka mwishoni mwa mwaka 1985. Ni kitu kidogo, kinavalika kwenye kidole gumba, na kwa maelezo ya Benedikta bei yake haizidi ya soda chache. Nikolausi alijaza fomu ya kuiomba. Akajaza ya pili. Alijaza fomu tano katika miezi kumi na minne, na Benedikta alizipeleka ofisi ya majengo kwa mkono wake. Pete haikuja. Bunduki ililala katika sanduku lake.

Februari mwaka huu aliamriwa kuanza kuliezeka ghala kwa mashine hiyo hiyo. Alipokumbusha kuhusu pete, aliambiwa fundi hodari hakosi njia.

Akaikumbuka pampu ya baiskeli ya misheni. Ndani ya pampu ile mlikuwa na duara la ngozi lililosukuma upepo, na liliishi miaka. Lakini ngozi ya kiatu aliyoijaribu ilikuwa nyembamba, ikakatika siku ya kwanza. Ndipo alipomwendea Gidahosh.

Gidahosh ni mzee wa Kibarbaig ambaye boma lake, baada ya kuhamishwa mara mbili, sasa limekaa ng'ambo ya mpaka wa shamba. Ng'ombe wake huzunguka ngano kwa saa tatu ili wafike kwenye maji yaliyokuwa jirani na nyumba yake ya kwanza. Hana sababu ya kulifanyia shamba hisani. Lakini Nikolausi aliwahi kumtengenezea mlango, na mzee huyo hasahau.

Alimpa kipande cha mkanda wa kufungia ndama wakati wa kukamua, ngozi nene aliyoilainisha mke wake kwa siagi kwa muda wa miezi. Nikolausi akachonga pete, akaipachika, na bunduki ikafufuka. Machi, Aprili na Mei ilipiga misumari maelfu. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza imefufukaje.

Mwezi Juni kipupwe kiliingia. Ndipo ugonjwa wa asubuhi ulipoanza.

"Niliifungua mara tatu kuitazama ile pete," anasema Nikolausi. "Kila mara niliikuta laini na nzima. Lakini kila mara niliifungua jioni, baada ya kazi, mashine ikiwa bado na joto. Nilimpima mgonjwa wakati hana homa."

Ijumaa alfajiri aliifungua ikiwa baridi, papo hapo ilipolala. Alilegeza skrubu nne, akatoa kifuniko, akaivuta pistoni.

Pete ilikuwa imekakamaa kama kipande cha pembe. Pande zote ilizungukwa na utando mweupe mgumu, mfano wa mafuta yanayoganda juu ya mchuzi uliolala. Haikujaza nafasi yake; kati yake na ukuta wa chuma palipita ukucha.

Aliifunga pete ndani ya kitambaa, akatembea hadi mpakani, ambako Gidahosh alikuwa ameegemea fimbo akiwangoja ng'ombe.

"Shikamoo mzee," alisema Nikolausi, kwani Gidahosh amemzidi miaka ishirini.

"Marahaba. Wewe Mmbulu, umekuja kuomba mkanda mwingine? Ndama zangu zitafungwa kwa nini?"

Nikolausi alifungua kitambaa. Mzee aliishika pete, akaikuna kwa kucha, akauona weupe ule, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Siagi ya ng'ombe wangu imekataa kufanya kazi ya serikali!"

"Usinicheke, mzee. Wananifukuza kesho."

Gidahosh aliacha kucheka. "Mke wangu, kila asubuhi ya baridi, kabla ya kukamua, hufanya nini na mkanda?"

"Sijui."

"Huuweka karibu na moto. Akiuchukua hivi hivi, haufungiki, utamwumiza ndama mguu. Hata mtoto wa boma anajua. Uliomba ngozi, hukuomba habari zake. Ninyi mliosoma mnachukua kitu, mnakwenda."

Nikolausi anayakubali maneno hayo bila kujitetea. "Kosa lilikuwa langu," anasema. "Kwa Bruda nilijifunza kuuliza habari za ubao kabla ya kuupigilia msumari. Za ngozi sikuuliza, kwa sababu aliyenipa hakuwa na kitabu."

Kutengeneza hakukuchukua muda. Aliipasha pete moto polepole, akaifuta siagi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaianika. Mkewe Philomena alimtolea kichupa chake cha mafuta ya cherehani, mafuta mepesi yasiyoganda.

"Hicho ndicho cha mwisho," alimwambia. "Cherehani ikilia, utawashonea watu wewe."

"Nikifukuzwa kazi nitakuwa na nafasi ya kushona, Mama Natalia."

"Usiseme hivyo nyumbani kwangu."

Pete ililowekwa mafuta hayo mpaka Jumamosi asubuhi.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kuliko Alhamisi. Mikono ya vibarua ilikuwa kwapani. Geji ilisomeka tisini, kama kitabu kinavyotaka. Pascal alipanda ngazi, glavu mkononi, akasimama juu ya fundi.

Nikolausi alikandamiza, akafyatua. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, kama mjeledi. Alisogea, akafyatua tena. Alipiga misumari arobaini mfululizo bila kuigusa nyundo.

Pascal alivua glavu, akainama, akapitisha ukucha wake juu ya vichwa vya misumari, mstari mmoja baada ya mwingine. Ukucha haukukwama. Alirudi saa sita na nusu, jua likiwaka, akapitisha ukucha tena. Hakuna msumari uliosimama, hakuna uliotoboa.

Kwa mtu mwenye akili za kawaida, shauri lingekuwa limekwisha hapo.

Benedikta alikuwa ameshamwonya. Asubuhi ile, akimkabidhi misumari, alimnong'oneza: "Baba Natalia, akikuuliza, sema umesafisha chujio. Basi. Usiongeze neno."

"Nimelisafisha kweli," alisema Nikolausi.

"Basi si uongo."

"Ni nusu. Na nusu ninaijua, Benedikta. Nimekuwa nikipigilia nusu mwezi mzima."

Pascal aliuliza, kama ilivyotarajiwa. "Umefanya nini?"

"Nimemwaga maji, nimesafisha chujio, nimeunga mpira, nimeshusha geji. Na nimeibadilishia mafuta ile pete ya ngozi."

"Pete ya nini?"

"Ya ngozi ya ng'ombe, bwana. Niliiweka Februari, kwa sababu ile ya mpira haikuja."

"Ulifungua mashine ya serikali, ukatia ngozi ya ng'ombe wa Wabarbaig?"

"Ndiyo."

"Tangu Februari?"

"Tangu Februari. Paa lote hili limepigwa na ngozi hiyo."

Vibarua walikuwa wameacha makoleo yao. Pascal alishuka ngazi bila kusema kwaheri. Kabla ya saa tisa barua ya tatu ilikuwa imeshatiwa tarehe. Haikutaja misumari. Ilitaja kufungua mali ya umma bila kibali na kuweka humo kitu kisichofaa.

Jumatatu Nikolausi aliitwa mbele ya kamati ya watu wanne. Aliulizwa maswali matatu, akayajibu yote kwa kukiri, maana yote yalikuwa kweli. Alipotaja zile fomu tano, aliambiwa hazipo katika faili. Benedikta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa sauti: "Zipo. Nilizipeleka kwa mkono huu." Aliambiwa hakuitwa.

Kisha akawekewa karatasi mezani. Ilisema kwamba yeye, Nikolausi Sulle, ameiharibu mashine ya serikali. Akitia sahihi, atasamehewa kufukuzwa, na atapewa kazi ya ulinzi wa lango, akiendelea kukaa katika nyumba ya shamba.

Aliisoma mara mbili. Aliomba kalamu, na wajumbe wakafikiri amekubali. Alikata neno moja, "ameiharibu", na juu yake akaandika kwa mwandiko wa shule ya misheni: "ameitengeneza". Akatia sahihi chini yake, akairudisha.

Hawakuipokea; neno lao, "ameiharibu", likaandikwa katika jalada lake. Aliambiwa akabidhi nyumba mwisho wa mwezi.

Bwana Pascal alipoulizwa kuhusu jambo hili alijibu kwa kifupi: "Mashine ya serikali si kiatu, hata kila mtu aitilie ngozi yake. Tukiruhusu hivyo, kesho mtu atafunga trekta kwa kamba za katani." Alipoulizwa pete ya mpira itawasili lini, alisema suala hilo linashughulikiwa.

Haifai kuyapamba mambo haya. Nikolausi alivunja kanuni, naye anakiri. Lakini kanuni iliyolala miezi kumi na minne juu ya fomu tano, ikaamka siku moja tu, siku mashine ilipopona, si kanuni inayolinda mali ya umma. Inamlinda mtu aliyezikalia fomu.

Majuma matatu baadaye Nikolausi yuko Tlawi, katika nyumba ya marehemu baba yake. Nusu ya ukuta inavuja baridi. Cherehani ya Philomena imewekwa karibu na mlango ili ipate mwanga, na mwenyewe anashona sare za shule bila kuinua uso. Tangu wafike, anasema, amezungumza na mumewe juu ya kuni na maji tu.

"Jirani ananiuliza: Mama Natalia, mmerudi likizo?" anasema hatimaye. "Ninamjibu ndiyo. Mwanamume wangu hawezi kusema uongo. Sasa ninausema mimi kwa niaba yake."

Nikolausi anasikia. Anaendelea kuranda ubao.

Habari za ghala zilimfikia kupitia kwa fundi aliyechukua nafasi yake, ambaye alipanda basi hadi Mbulu, kisha akatembea hadi Tlawi ili kumwona. Bunduki inaendelea kufanya kazi. Safu tisa za mwisho za paa zimepigwa nayo, na mbegu zimeanza kuingizwa. Fundi huyo hakuja kumpa pole. Alikuja kuuliza ile ngozi inatiwa mafuta gani, maana imeanza kukauka na hakuna aliyethubutu kuitoa. Pete ya mpira bado haijafika.

"Ulimwambia?" anaulizwa Nikolausi.

"Nilimwambia. Matone matatu kila asubuhi, ya cherehani, si ya injini. Alinisalimia shikamoo, angenyimwa kwa sababu gani? Paa halina kosa."

Amekata rufaa kwa ofisi ya kazi ya wilaya. Shauri lake limepangwa kusikilizwa tarehe 3 Septemba huko Katesh. Hatadai kurudishwa kazini, na hataki ile nafasi ya mlinzi. Anachodai ni neno moja liondolewe katika jalada lake, ili mwanadamu atakayelifungua baada yake asisome kwamba Nikolausi Sulle aliharibu.

Ameomba kitu kimoja tu kama ushahidi. Hakuomba mtu, kwa kuwa anajua wenye watoto wa kulisha, kama Benedikta, hawawezi kuhatarisha kazi kwa kusema mara mbili. Katika barua yake kwa ofisi ya kazi, ameomba bunduki ya misumari iletwe Katesh siku hiyo, iwekwe mezani mbele ya wote, na ifunguliwe.

"Skrubu ni nne," anasema. "Haitachukua dakika kumi. Wakikuta pete ya mpira ndani, nitatia sahihi kila walichoandika."